Kumbukumbu ya Msimu: Mwongozo Kamili wa Kusimamia Vipaji kwa Programu za Kijamii za Kazini, kwa Hoteli za Malindi

Pampu ya bwawa la kuogelea ilikataa kuwaka siku tatu kabla ya wageni wa Julai. Tukamwita fundi kutoka Mombasa; nauli juu yetu, chakula juu yetu, malazi juu yetu, na kwa siku mbili akawa anafungua na kufunga. Siku ya pili mpishi mmoja alikuwa akipita na sufuria, akasimama, akauliza: "Kwani yule mtunza bustani mmemweka wapi? Si ndiye aliyekuwa akiiamsha hii pampu kila ikilala?" Mtunza bustani tulikuwa tumempumzisha tangu Aprili. Alikuwa kwao Ganda, mwendo wa bodaboda. Kwenye faili lake, mahali pa ujuzi, mliandikwa maneno mawili: mtunza bustani.

Nimefanya kazi za rasilimali watu kwenye hoteli za pwani hii kwa miaka kadhaa, na sijaona hasara inayotuuma kimyakimya kama hiyo. Masika yakianza mwezi wa Aprili wageni hupungua, wengine wetu hufunga milango Mei na Juni, watu wanatawanyika, na Julai tunaanza kama ambao hatukuwahi kuonana. Meneja amebadilika, supavaiza kaenda Diani, daftari la zamu limeloa. Hoteli inasahau watu wake mara moja kila mwaka.

Ndiyo maana nawaandikia mameneja, wamiliki na maafisa wa wafanyakazi wenye hoteli au nyumba za wageni za watu kumi na tano hadi themanini, Malindi na Watamu (na ndugu zetu wa Lamu na Shela, ambao msimu wao haupishani sana na wetu). Kuna aina ya programu ambayo kampuni kubwa za ng'ambo zimeihangaikia kwa zaidi ya miaka kumi na tano: wafanyakazi wanapeana sifa, wanaandikiana maoni na kuona malengo ya wenzao kwenye ukurasa unaofanana na mtandao wa kijamii, badala ya ile fomu ya tathmini inayojazwa Desemba na kufungiwa kabatini. Wauzaji watakwambia inaongeza morali. Huenda. Mimi naitaka kwa sababu nyingine: inaweka kumbukumbu ambayo msimu hauwezi kuifuta.

Hatua ya 1: Jua soko limetoka wapi, usije ukauziwa ya jana

Zamani tathmini ilikuwa mara moja kwa mwaka, tena kwa kuwapanga watu ngazi kwa ngazi. Jack Welch alipoiongoza General Electric alisifika kwa hesabu ya 20, 70 na 10: asilimia 20 ya juu wanatuzwa, 70 wa katikati wanaendelea, 10 wa mwisho wanaonyeshwa mlango. Kampuni nyingi ziliiga. Kisha upepo ukageuka. Adobe iliacha tathmini ya mwaka mwaka 2012 na kuweka mazungumzo ya mara kwa mara. Microsoft ikaacha kupanga watu kwa ngazi mwezi wa Novemba 2013. Deloitte na Accenture zikafuata mwaka 2015, na General Electric yenyewe ikaiacha njia ile.

Programu za kijamii zilizaliwa katika mageuzi hayo. Kampuni ya Rypple ya Toronto ilianza mwaka 2008 kwa wazo la maoni mafupi ya papo kwa papo. Mwishoni mwa 2011 Salesforce, kampuni kubwa ya programu, ikatangaza kuinunua, na mwaka uliofuata ikaibatiza jina la Work.com. Kipindi hichohicho wakubwa wengine wa programu walinunua kampuni za programu za kazini: SAP iliinunua SuccessFactors kwa dola bilioni 3.4, Oracle ikaichukua Taleo, IBM ikaichukua Kenexa, na Microsoft ikatoa dola bilioni 1.2 kwa Yammer. Kila mkubwa alitaka kipande chake.

Hadithi inayomhusu mwenye hoteli ya vyumba thelathini ni ya waliofuata. Facebook ilizindua Workplace mwaka 2016, mtandao wake wa kijamii wa kazini, ukapata wateja wakubwa duniani. Mei 2024 Meta, mmiliki wa Facebook, ikatangaza kuufunga. Kampuni zilizokuwa zimeweka humo sifa, picha na mazungumzo ya miaka zikaambiwa zihamishe mizigo yao. Kama wakubwa wale walihamishwa, wewe na mimi tujue kwamba chombo chochote tutakachochagua kitakufa siku moja. Swali la kwanza kwa muuzaji, kabla hajafungua kompyuta yake, ni hili: nikitaka kuondoka, naondoka na data yangu kwa njia gani, na kwa faili la aina gani?

Hatua ya 2: Kabla ya programu, fanya hesabu ya mikono

Chukua daftari. Hata kalamu ya wino wa bluu inatosha. Fanya Februari au mapema Machi, nyumba ikiwa bado imejaa watu, maana Aprili utakuwa unawapigia simu walio shambani.

Andika jina la kila mtu, kisha mwulize mwenyewe na waulize wenzake wawili: huyu anafanya nini ambacho hakimo kwenye barua yake ya kazi? Uliza hivyohivyo. Ukiuliza "una ujuzi gani?" utajibiwa "mimi ni weita." Ukiuliza "kitu kikiharibika hapa, nani anaitwa?" utapata mambo.

Nilipofanya zoezi hili mara ya kwanza kwa watu arobaini na mmoja, nilipata wanaozungumza Kiitaliano zaidi ya nilivyodhani, wawili wakiwa watu wa dobi ambao hawajawahi kuonana na mgeni. Nilipata askari wa usiku anayejua kusoma maji, kwamba bamvua likija mashua zisifungwe upande gani. Nilipata msaidizi wa jikoni ambaye pweza wake ndiye mpishi mkuu alikuwa akimsifia kama wake.

Mwelekeo mkubwa wa usimamizi wa vipaji siku hizi ni huu huu: kuacha kuhesabu vyeo na kuanza kuhesabu ujuzi. Programu kubwa zinauza "ramani za ujuzi" kwa fedha nyingi. Daftari lako ndilo ramani. Programu itakuja kulitunza.

Hatua ya 3: Malengo machache, ambayo mwenyewe anayaweza

Mtindo wa malengo na matokeo yanayopimika ulianzia kampuni ya Intel chini ya Andy Grove, na mwekezaji John Doerr akaupeleka Google mwaka 1999. Ni mtindo mzuri, lakini usiulete Malindi na makaratasi yake yote. Kila idara iwe na malengo mawili kwa msimu, yaandikwe kwa Kiswahili, yaonekane na wote.

Kipimo changu ni kimoja: je, mhusika akiamka asubuhi anaweza kulisogeza lengo kwa mkono wake? "Kuongeza wageni" si lengo la mhudumu wa vyumba. Hilo liko kwa wakala wa Milano na bei ya ndege. "Vyumba vya wanaoingia viwe tayari saa nane mchana" ni lake, mradi dobi imemletea mashuka. Hapo ndipo uzuri wa malengo kuwa wazi: dobi wanaona kwamba saa nane ya wenzao inategemea saa tano yao.

Hatua ya 4: Chagua chombo

Wengi watasema: tuna WhatsApp, ya nini kingine? Tunayo kweli, na sikwambii uifute. Lakini kundi la WhatsApp ni soko la asubuhi. Sifa ya Jumatatu imefunikwa na video ya harusi kufikia Jumanne. Mtu akitoka kwenye kundi, historia imebaki kwenye simu za watu, na simu zinazama baharini, zinauzwa, zinaibwa. Iwe mahali pa kutangazia, isiwe mahali pa kutunzia.

Ngazi ya chini kabisa inayofaa ni lahajedwali (spreadsheet) moja iliyo mtandaoni, inayofunguliwa na watu watatu tu, ambamo msimamizi anahamishia kila Jumapili yale ya maana yaliyosemwa wiki hiyo. Kwa hoteli ya watu ishirini, hiyo inatosha, na sioni aibu kusema hivyo mbele ya wauzaji.

Ngazi ya pili ni programu huria kama OrangeHRM, Odoo au ERPNext. Zina matoleo yasiyodai leseni, ila zinadai mtu: kijana anayejua kuweka seva, kuhifadhi nakala na kurekebisha zikiharibika. Ukiwa na kijana huyo, mlipe vizuri na mwandike kwenye daftari la hatua ya 2. Usipokuwa naye, ruka.

Ngazi ya tatu ni huduma za kulipia kwa kichwa kila mwezi, nyingi kwa dola. 15Five, kwa mfano, ilipata jina lake kwa wazo kwamba mfanyakazi asitumie zaidi ya dakika 15 kuandika ripoti yake ya wiki, na meneja asitumie zaidi ya dakika 5 kuisoma. Zipo pia za Afrika Mashariki zilizounganishwa na mishahara. Kabla ya kutia sahihi, mkalishe muuzaji umwulize haya.

Watu waliopumzishwa kwa msimu nawalipia? Huduma nyingi hutoza kila aliye kwenye orodha, na ukimwondoa mtu ili usitozwe, kumbukumbu yake inafichika au inafutika. Kwa hoteli inayoshuka kutoka watu sitini hadi kumi na wawili kati ya Aprili na Juni, hili ndilo swali la pesa kuliko yote. Unataka mtu awe "amelala": hatozwi, historia yake ipo.

Inafunguka kwenye simu ya bei nafuu, kwa bando la mfanyakazi mwenyewe? Kama jibu ni mpaka mtandao uwe mzuri, weka Wi-Fi kwenye kantini ya wafanyakazi. Ukimtaka mtu atumie bando lake kwa kazi yako, atalitumia wiki ya kwanza tu.

Inapokea ujumbe wa sauti? Wapo mahodari wetu ambao kuandika si jambo lao, na kusema ni jambo lao hasa. Mzee wa bustani hataandika mistari mitatu. Atakupa dakika mbili za sauti ambazo ukizisikiliza utajua hali ya hoteli nzima.

Hatua ya 5: Sheria, na hapa usipite haraka

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inagusa kila unachoandika juu ya mfanyakazi. Kanuni za usajili za 2021 zinawaondolea biashara ndogo, zenye mapato ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya 10, lazima ya kujisajili kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Wenye nyumba ndogo za wageni husikia hivyo wakalala. Lakini zipo sekta ambazo msamaha huo hauzihusu, na biashara za hoteli na ukarimu zimo. Hata ukiwa na vyumba sita, jisajili.

Sheria hiyo inaita baadhi ya habari kuwa nyeti: afya, asili ya kabila, imani, hali ya ndoa, familia hadi majina ya watoto. Sasa angalia tunavyozungumza sisi. "Mama fulani amechelewa, mtoto wake analazwa." Kwenye baraza ni ubinadamu, kwenye programu ni habari nyeti iliyohifadhiwa kwenye seva ya nchi nyingine. Waambie wasimamizi wazi: andika kilichofanyika kazini, usiandike ya nyumbani wala ya hospitali.

Picha vilevile. Mwaka 2023 ofisi ya Kamishna iliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Ukimpiga picha mfanyakazi bora ukaipeleka kwenye ukurasa wa hoteli, kumwuliza kwanza si adabu tu. Simu yenye data ya wafanyakazi ikipotea na pakawa na hatari ya kweli kwao, una saa 72 za kumwarifu Kamishna.

Tena kuna akili bandia, ambayo sasa kila muuzaji anaipaka juu ya programu yake kama nazi juu ya kila mchuzi. Inasoma maoni ya mwaka mzima na kukutolea muhtasari. Itumie kwa muhtasari, isikuamulie. Sheria yetu, kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutoamuliwa jambo zito na mashine peke yake. Na lugha yenyewe inaiponyoka. Kijana akiandika "huyu jamaa wa grili ni hatari," sisi tunajua amemvika taji. Mashine inaweza kumpeleka kwenye orodha ya tahadhari.

Hatua ya 6: Sifa, na namna ya kuzitoa

Hapa ndipo programu nyingi hufia, kwa kuwa watu hupeana makofi ya bure. "Hongera timu!" na vidole gumba kumi na viwili. Mwezi wa pili hakuna anayesoma.

Sifa inayofaa kutunzwa ina tukio, kitendo na kilichofuata. Hii hapa ni moja iliyoandikwa na mtu wa mapokezi, naiweka kama ilivyokuwa ila bila majina: "Jana stima ilipotea saa mbili na nusu usiku, wageni kumi na wanne wako mezani. Kaka wa stoo alileta taa kabla jenereta haijawaka, na hakuna aliyemwita. Hakuna mgeni aliyeinuka." Mistari mitatu. Julai inayofuata, meneja mgeni akiisoma anajua nani awekwe zamu ya usiku.

Weka kanuni kwamba msimamizi wa idara akisifu, kila mara ya pili amsifu mtu wa idara nyingine. Wageni wanaandika majina ya maweita kwenye mitandao ya safari. Hakuna anayeandika jina la mtu wa dobi. Nilipoangalia wiki nne za mwanzo za kwetu, wanaotandika vyumba walikuwa wametajwa mara nyingi, mapokezi mara nyingi, na wanaoosha vyombo hawakutajwa hata mara moja. Wanaosha vyombo vya watu mia kwa usiku mmoja! Bila rekodi nisingelijua hilo, ningelihisi tu.

Kuna jambo la hapa kwetu ambalo muuzaji wa ng'ambo halijui. Wapo wasiopenda kusifiwa mbele za watu. Usidhani ni maringo, wanaogopa kijicho. Dada mmoja aliniambia, "Ukinitaja tena pale, nitaumwa." Usicheke, usibishane, weka kitufe cha sifa ya faragha, inayoonwa na yeye na msimamizi wake tu, na kumbukumbu inabaki palepale. Kila anayeingia mwulize: wewe tukusifu wapi?

Na pesa je? Baadhi ya programu zinageuza sifa kuwa pointi, na pointi kuwa fedha. Mimi nilijaribu kidogo, nikaacha. Watu wawili marafiki walisifiana hadi wakamaliza bajeti ya mwezi. Bakshishi ya wageni ikae na utaratibu wake, mshahara na wake, na sifa ibaki kuwa ushahidi.

Hatua ya 7: Dakika kumi za faragha

Kila wiki mbili, msimamizi na mtu wake, wawili peke yao, kwenye kivuli. Isiwe Ijumaa mchana, na Ramadhani ikiangukia msimu wa wageni isogezwe asubuhi, kwa kuwa mtu aliyefunga hana la kukwambia saa kumi. Maswali ni matatu: lipi limekwenda sawa, lipi limekukwamisha, wewe unataka kujifunza nini.

Nilikaa pembeni siku moja supavaiza wa mkahawa, binti wa miaka ishirini na sita, akizungumza na weita aliyemzidi kwa miaka thelathini. Wageni walikuwa wamelalamika kwamba vinywaji vyake vinachelewa.

"Baba, wiki hizi mbili ni lipi lililokukwamisha?"

"Mwanangu, mimi niko sawa."

Akanyamaza. Naye binti akanyamaza, na hilo ndilo nililompendea. Mzee akaikunja taulo yake mara mbili.

"Ile friji ya baa haigandishi barafu tangu Jumatatu ya wiki iliyopita. Nazunguka hadi jikoni kuu, nikirudi imeshaanza kuyeyuka, narudi tena. Sikutaka kumchongea mtu wa baa."

Kilichoandikwa kwenye programu kilikuwa sentensi mbili: friji ya baa haigandishi, fundi aitwe leo, ucheleweshaji wa vinywaji hautokani na weita. Fomu ya Desemba ingeandika "aongeze kasi", na Aprili jina lake lingekuwa kwenye orodha ya wasiorudishwa.

Mazungumzo haya yasichanganywe na ya nidhamu. Ukifika mahali pa kufikiria kumwachisha mtu kwa utendakazi mbovu, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, inakutaka umweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na ana haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama anayemchagua. Ni kikao kingine, karatasi nyingine. Mtu akishaona maneno ya kivulini yamemrudia kwenye barua ya onyo, hatakwambia tena kuhusu barafu.

Hatua ya 8: Usiwapange watu ngazi

Ningependa kuipita hatua hii kwa sentensi moja, lakini niliumia nayo. Hoteli moja niliyowahi kuifanyia kazi, siitaji, ilileta programu yenye nyota, na meneja akaweka skrini mlangoni mwa kantini: wa kwanza juu, wa mwisho chini, kila Jumatatu. Dada mmoja wa vyumba alikaa chini wiki tatu mfululizo. Programu ilihesabu vyumba kwa saa. Haikuhesabu kwamba upande wake ulikuwa wa vyumba vya familia, watoto wanne kitandani, mchanga hadi ndani ya foronya, ilhali wenzake walikuwa na vyumba vya mtu mmoja. Hakulalamika. Alikuwa akija kula, akaacha kuja, akawa anakula chakula chake nyuma ya dobi. Agosti akahamia hoteli nyingine, na mgeni mmoja wa kila mwaka akaja akimuulizia kwa jina.

Zima hesabu ya ngazi kwenye mipangilio. Programu nyingi zinaruhusu. Inayokataa, usiinunue.

Hatua ya 9: Kufunga msimu

Wiki mbili za mwisho kabla ya kupumzisha watu ndizo kazi yenyewe. Hatua zote nane zilikuwa zikiandaa hii.

Sheria ya Ajira inamdai mwajiri atoe cheti cha utumishi kwa aliyefanya kazi wiki nne mfululizo au zaidi. Kitazame cheti hicho: jina la mwajiri, jina la mfanyakazi, tarehe ya kuanza, kazi yenyewe na mahali pake, tarehe ya kuacha. Hakisemi kama mtu alifanya kazi vizuri, na sheria haikulazimishi useme. Basi pamoja na cheti mpe ukurasa mmoja uliotolewa kwenye programu: ujuzi wake wote, ule wa barua na ule wa daftari, sifa tatu alizoandikiwa na wenzake, na jambo alilosema anataka kujifunza. Msomee kwanza. Akikataa mstari, ufute. Ataondoka nao hata kama Julai ataajiriwa kwingine, na hilo lisikuchukize. Wa kwingine nao watakuja kwako na karatasi zao.

Wale uliowaita vibarua, angalia tarehe zao vizuri. Kibarua aliyefanya siku mfululizo zinazofikia jumla ya mwezi mmoja, kifungu cha 37 kinaweza kumhesabu kuwa wa mkataba wa mwezi. Rekodi zako za programu ndizo zitakazosomwa siku ya ugomvi, kwa hiyo ziwe za kweli.

Andika namba mbili za simu kwa kila mtu, ya kwake na ya jirani au ndugu anayempata kwa urahisi, kwa ridhaa yao. Laini hubadilika mvua zikinyesha. Kisha mweke "amelala". Aliyesema anataka kujifunza, mwonyeshe njia angali mbele yako: majaribio ya ufundi ya NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwanda, ya daraja la III, II na I yanampa cheti mtu aliyejifunzia kazini. Miezi miwili ya mvua inatosha kwa maandalizi.

Hatua ya 10: Kufungua tena, na kujua kama imefaa

Mwisho wa Mei, kabla hujatangaza nafasi yoyote popote, fungua orodha ya waliolala na uisome yote. Mpigie kila unayemtaka mwenyewe, usimtumie ujumbe wa kundi. Anza na wale wenye ujuzi usio na mwenzake: mwenye pampu, mwenye pweza, mwenye Kiitaliano cha ndani. Wao ndio wanaochukuliwa kwanza na jirani.

Mwisho wa Septemba kaa na takwimu tatu tu. Kati ya uliowataka warudi, wangapi wamerudi? Ni idara gani haijatajwa kwa sifa mwezi mzima? Na ni wangapi walioandika chochote wiki iliyopita bila kukumbushwa? Kama anayeandika ni meneja peke yake, programu yako imekufa ingawa bado unailipia. Waulize watu wa dobi kwa nini, rekebisha wanalolitaja, ipe mwezi mmoja. Ikikataa tena, toa data yako yote kwenye faili, sitisha malipo, rudi kwenye lahajedwali na dakika kumi za kivulini.